Maili Ishirini za Nadhiri

Ikipita harufu ya kitunguu thomu kilichochemshwa ndani ya mafuta ya nazi, wenzangu humeza mate. Mimi miguu huniwasha. Msinicheke. Zaidi ya mwaka mzima wa utoto wangu ulinuka hivyo. Nyumba yetu ilikuwa Kiponda, ghorofani, kwenye kichochoro chembamba hata jirani wa mbele akipiga chafya tulimwombea dua bila ya kunyanyua sauti. Kila siku baada ya Alasiri, bibi yangu, Bi Kazija, mzaa mama, alipanda ngazi na kibakuli cha mafuta hayo yakiwa bado yana moto, akaivutia miguu yangu mapajani mwake na kuikanda. Nilikuwa na miaka minane, na ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Homa kali ilinishika mwanzo wa masika, na ilipokuja kuniachia ilikwenda zake na miguu yangu. Asubuhi moja niliteremka kitandani nikaanguka chini kama kanga iliyodondoka kambani. Hospitali walisema miguu imekosa nguvu, ipewe muda na mazoezi. Bibi aliwaitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akapasha mafuta.

Magharibi moja, nikiwa bado siwezi hata kusimama, Bibi alimaliza sala akabakia pale pale juu ya msala, mikono ameinyanyua, akasema kwa sauti ya kila siku, ambayo kwake ilikuwa kubwa: "Mola wangu, mrejeshee Mize miguu yake. Ukimrejeshea, naweka nadhiri. Nitakwenda naye Chwaka nilikozaliwa, kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua, asipande gari wala asibebwe, tukasome maulidi ya shukurani kule kule." Jirani wa mbele akaitikia dirishani mwake: "Amin!" Basi nadhiri ikawa imepata na shahidi.

Kutoka mjini mpaka Chwaka ni maili ishirini. Leo mtu anakwenda asubuhi kununua samaki akarudi kuwapika mchana. Siku zile kulikuwa na basi, bodi lake la mbao, linakwenda na kurudi limejaa watu, kuku na makapu, kwa hiyo hata siku zile mtu mwenye akili timamu hakwenda Chwaka kwa miguu. Miguu yangu ilipoanza kurudi, kwanza ya kushika ukuta, halafu ya fimbo, halafu yenyewe, mama yangu aliingiwa na hofu ya ile nadhiri kuliko alivyoiogopa homa. Alikwenda kwa siri kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu akamwambia dini haina uzito huo. Aliyeshindwa na nadhiri hutoa kafara, akalisha masikini kumi, basi. Mama alirudi mbio, uso umemng'ara. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele wake. "Kafara ni ya aliyeshindwa," alisema. "Miye nshashindwa? Na tena Mungu sikumuahidi wali, mwanangu. Nilimuahidi miguu." Mama akasema mtoto ataumia njiani. Bibi akamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na huo ndio ukawa mwisho wa mjadala. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, ana kishimo shavuni kama msichana, lakini akishasema jambo lilikuwa limesemwa.

Tuliondoka wakati wa kipupwe cha mwaka uliofuata, wakati jua lina huruma na machungwa yameiva. Barua ilikwishatangulia kwa dada yake, Bi Pili, kwamba siku ya pili baada ya Alasiri tutakuwa Chwaka, waalike watu wa maulidi, wapike. Bibi alijitwika pakacha kichwani. Ndani yake mlikuwa na sufuria ndogo, birika, mikate ya mofa, samaki wa kukaanga, kibakuli cha mafuta ya miguu kimefungwa kitambaa, na juu ya vyote msala wake umekunjwa. Alivaa makubadhi ya ngozi aliyoyatia mafuta wiki nzima ili yasimchubue. Mimi nilivalishwa gauni jipya, nikapewa kifimbo cha mpera. Mama alitusindikiza mpaka Darajani akilia waziwazi, na watu wakadhani tunakwenda kuzika.

Sijapata tena kuona asubuhi ndefu kama ile. Tuliipita Ng'ambo moshi wa mikate ukitoka kwenye mapaa ya makuti, vitumbua vinageuzwa, waadhini wameshamaliza na majogoo bado. Kila aliyetuona alisalimia na kuuliza. "Shikamoo Bi Kazija, wapi na mtoto?" "Marahaba. Chwaka." "Mbona kituo cha basi mshakipita?" "Nakijua kilipo." Hakueleza zaidi, maana nadhiri haitembezwi barabarani kama sinia ya kashata. Mimi nilikuwa nahesabu mawe ya maili pembeni mwa barabara. Tukifika kwenye jiwe, nakaa juu yake. Bibi anatua pakacha, anaitazama miguu yangu, kulia na kushoto, kama fundi anavyotazama mlango aliouchonga mwenyewe. "Yauma?" "Kidogo." "Kidogo ni riziki. Haya, twende." Hakuniharakisha hata mara moja. Na mimi nasema, mpaka leo sijaona mtu mwenye subira ya namna ile: mtu mwenye nguvu zake, aliyeweza kuimaliza njia ile kwa siku moja, anakwenda kwa mwendo wa kobe kwa sababu kobe ni mjukuu wake.

Kuipita Mwera mambo yakabadilika. Mikarafuu ilianza pande zote mbili, kivuli kikawa kizito na cha baridi, na harufu yake ikanipunguzia uchovu kwa muda. Lakini miguu ina ukweli wake. Ilianza kutetemeka kwenye magoti, halafu nyayo zikawa moto, halafu kila jiwe la maili likawa mbali zaidi kuliko lililotangulia. Nilijikaza. Nilijua nini kilichokuwa mizanini siku ile. Bibi hakuwahi kuniambia, lakini nilikuwa nimewasikia wanawake wa kichochoroni wakinong'ona kwamba nadhiri isipotimizwa, kilichotolewa huchukuliwa. Yaani nikishindwa kufika kwa miguu yangu, nitarudi kitandani, na safari hii mafuta ya Bibi hayatafaa kitu. Mtoto wa miaka tisa na siri ya namna hiyo! Nilitembea nayo kifuani, nzito kuliko lile pakacha la Bibi.

Adhuhuri ilitukuta karibu na Koani. Bibi alibisha hodi kwenye nyumba iliyokuwa na kisima uani, akaomba maji ya kutawadha na mahali pa kusali. Mwenye nyumba, mama mmoja mcheshi, alimkaribisha kwa mikono miwili, na nilijua palepale kwamba baada ya sala kutakuwa na chai na baada ya chai kutakuwa na habari za ukoo mzima. Nikamwambia Bibi kwamba nikikaa miguu itakaza nishindwe kuinuka, bora nitangulie polepole. Nilisema kweli, kwa wakati ule nilikuwa bado nasema kweli. Barabara ilikuwa moja, imenyooka, gari zenyewe za kuhesabu. Bibi alifikiri kidogo. "Haya, tangulia. Usitoke barabarani. Mwenda pole hajikwai. Nitakushika mbele."

Sijafika mbali, nikasikia magurudumu yanalia nyuma yangu. Lilikuwa gari la ng'ombe, limejaa nazi za kufua, na juu yake amekaa mzee mwenye kofia ya ukindu, miguu inaning'inia. Baadaye nilimjua kwa jina, Mzee Pandu. Alinitazama nikichechemea, akawasimamisha ng'ombe wake. "Weye mtoto wa mjini, mwendo gani huo? Utafika kesho kutwa! Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia bibi yangu yuko nyuma anasali. "Basi panda, atatukuta mbele. Nakwenda mpaka kwenye mfenesi, pale nakata kuingia shamba." Nilisema hapana, ahsante. Wallahi nilisema. Lakini goti la kulia lilikuwa linaruka peke yake, na zile nazi zilionekana laini kama godoro. Nikaanza kutafuta fatwa yangu mwenyewe. Bibi alisema gari, nikajiambia, na gari ni lile linalounguruma. Hili linavutwa na ng'ombe, na ng'ombe naye anakwenda kwa miguu. Kwa akili hiyo nikampa Mzee Pandu mkono, akanivuta juu.

Ee, raha ile! Sitakudanganyeni kwamba nilikaa nikijuta. Nilikaa juu ya nazi, upepo unanipiga usoni, mikarafuu inarudi nyuma yenyewe bila ya mimi kuilipa kwa maumivu. Mzee Pandu aliniimbia, akanipa chungwa, akaniuliza mjini kuna habari gani. Kama maili mbili zilikwisha kabla sijamaliza chungwa langu. Kwenye mfenesi, mti mkubwa ulioinamia barabara kama mtu anayechungulia, akaniteremsha, akakata kushoto kuingia shamba na nazi zake. Nikakaa chini ya mti nikafuta maji ya chungwa mdomoni. Ndipo nilipouona ukubwa wa nilichokifanya.

Bibi alitokea baada ya muda mrefu, anakuja mbio mbio, buibui amelifunga kiunoni, anatazama kila upande. Aliponiona alisimama katikati ya barabara. Aligeuka akaitazama njia aliyotoka, akanigeukia tena mimi, na njia, na mimi. "Mize! Umefika huku? Kwa miguu hii?" Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini Bibi alikwishatua pakacha, amekwishatandika msala pembeni mwa barabara, juu ya majani makavu ya mfenesi, na amekwishaanguka kusujudu. Sijida ya shukuru. Paji la uso chini, mabega yanatikisika, anamshukuru Mungu kwa miguu yangu iliyokuwa imekaa juu ya nazi. Alipoinuka machozi yalimfika kidevuni, na alikuwa anacheka. "Alhamdulillahi! Nilidhani nitakukuta umekaa hapo karibu unalia. Kumbe umewacha nyuma maili nzima, umewacha na ya pili!" Nikanyamaza. Katika maisha yangu nimefanya makosa makubwa kuliko kupanda gari la ng'ombe, lakini sijapata kunyamaza kama siku ile.

Kupita mfenesi kidogo, kabla ya kuifika Dunga, kulikuwa na banda la makuti lisilo kuta, ambamo msimu ukiwa mkali watu wa mashamba waliuzia machungwa yao. Jua lilikuwa limeshuka na Bibi akaamua tulale pale. Ninavyopenda kuikumbuka kambi yetu ile! Aliokota mawe matatu, akafanya mafiga, akawasha moto kwa makumbi ya nazi na vijiti vya mikarafuu. Maji yalipochemka alitia majani ya mchaichai aliyoyachuma njiani, akapasha samaki juu ya kaa la moto, akaumega mkate wa mofa vipande viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na mnajua kipi kilikuwa changu. Waliopita na majembe yao walisimama kutusalimia. Mwanamke mmoja akatuletea mihogo miwili bila ya kuombwa, akasema wageni wa barabarani ni wageni wa wote. Bibi alitandika mkeka wa kuazima, akautundika msala upande wa upepo. Chini ya banda lile lisilo mlango alikaa kama mwenye nyumba anayengoja wageni waheshimiwa. Hapakuwa na kitu alichokikosa.

Halafu akatoa kibakuli cha mafuta. Akakiweka karibu na moto, harufu ya kitunguu thomu ikapanda, akaivuta miguu yangu mapajani mwake. "Lete hiyo mijogoo ya miguu," alisema, "leo imefanya kazi." Akaanza kukanda, taratibu, kidole kwa kidole, huku akinong'ona kuishukuru miguu yenyewe, mmoja mmoja, kama watoto waliofaulu mtihani. Hapo nilishindwa. Kama angenipiga ningestahamili, kukandwa sikuweza. Nililia kwa sauti, hata ndege wakaruka kwenye makuti.

"Yauma wapi?" aliuliza.

"Nilipanda gari, Bibi. Gari la ng'ombe. Kutoka karibu na ile nyumba yenye kisima mpaka mfenesini. Sikutembea."

Mikono ilisimama juu ya miguu yangu. Moto ulilia. Ninaweza kukuambieni kila kitu kilichokuwamo bandani kwa wakati ule, maana nilikitazama kila kitu isipokuwa uso wake. Kisha akauliza, bila ya hasira, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha: "Ulipandia wapi hasa?" Nikamwambia, penye kichuguu, baada ya kupita kisima. "Ukateremkia mfenesini?" Nikasema ndiyo. "Njiani hukushuka?" Sikushuka. Nikamuuliza, nikikatika kwa kwikwi, kama Mungu ataichukua tena miguu. Bibi akairudia kazi yake ya kukanda, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko mwanzo. "Nani kakwambia Mungu ana roho ya kinyongo kama ya watu wa Kiponda?" alisema. "Njia ya mwongo fupi, Mize. Yako imeishia mfenesini, nayo ni heri. Ungefika nayo Chwaka ingekusumbua zaidi. Haya, nyamaza. Kunywa chai yako ulale."

Alfajiri tulisali, akazima moto kwa mchanga, akarudisha mawe pembeni, akajitwika pakacha. Nikanyanyua kifimbo changu nikageukia Chwaka. Bibi akageukia mjini.

Nilidhani ananirudisha kwa mama. Nilidhani yamekwisha, nadhiri imevunjika, tunakwenda kulisha masikini kumi na watu wa kichochoroni watajua. Nikamfuata nyuma, machozi tayari. Tulipoupita mfenesi na kuuacha nyuma, akasema bila ya kunitazama: "Tunakwenda kwenye kichuguu. Kipande kile bado hujakitembea." Hapo ndipo nilipofahamu, na nilipofahamu niliingiwa na woga mwingine. Nilikuwa naijua ile barua. Nilijua watu wameshaalikwa, mbuzi pengine ameshachinjwa, na Bi Kazija, aliyeondoka Chwaka msichana akaolewa mjini, alikuwa anarudi kwao siku hiyo kwa heshima, baada ya Alasiri, sio siku nyingine. Kurudi nyuma kulikuwa ni kuyakosa maulidi yake mwenyewe. Nikamwambia: "Bibi, watu watangoja." Akasema: "Watu watakula. Aliyeahidiwa si wao."

Basi la Chwaka lilitukuta tunatembea kwa kwenda mjini. Dereva alimjua, akapunguza mwendo, akachomoza kichwa. "Bi Kazija! Chwaka ni huku!"

"Naijua Chwaka kabla mama yako hajaposwa!" Bibi alimjibu. "Mwambie Pili tutachelewa. Wasome, wale, wasitungoje." Basi zima lilitazama. Mtu mmoja akacheka. Bibi hakugeuza shingo, na mimi nilikuwa namtazama kutoka chini, pakacha kichwani, makubadhi yake yameshika vumbi jekundu, na nakiri kwamba siku ile ndiyo nilipoanza kumstahi, maana kabla ya hapo nilikuwa nampenda tu.

Penye kichuguu alinisimamisha. Alichora mstari barabarani kwa ncha ya kubadhi. "Bismillahi," alisema, "hapa." Nikauvuka. Tulikuwa tumekwenda hatua chache tu, mara magurudumu yakalia. Mzee Pandu na nazi zake za siku ya pili. "Kha! Jana nilikupakia, leo nakukuta hapa hapa! Umerudishwa na nini, mtoto?" Nikainamisha kichwa. Bibi akamsalimia vizuri, akamwuliza hali ya ng'ombe na hali ya nyumbani, na baada ya yote hayo akamweleza habari ya nadhiri kwa maneno machache, bila ya kumlaumu. Mzee wa watu alivua kofia yake. "Mama, sikujua. Wallahi sikujua. Namwona mtoto anachechemea, nikamwonea huruma." "Huruma yako Mungu akulipe," alisema Bibi. "Na leo tunakwenda kwa miguu." Mzee Pandu alikaa akatutazama tunatangulia. Kisha nikasikia kishindo nyuma. Ameruka chini. Akamshika ng'ombe wa mbele kwa kamba, akaja akitembea kando yetu, gari lake linamfuata halina mtu. "Haiwi," alisema, "wanawake mnakwenda kwa miguu na mimi nimekaa juu kama liwali." Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka mfenesini, watu watatu na ng'ombe wawili, hakuna aliyepanda. Goti langu liliruka kama jana, nyayo zilikuwa moto kama jana. Kila nilipotaka kusimama Mzee Pandu aliniimbia ule wimbo wake, na Bibi, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba isipokuwa kasida, akaitikia.

Chini ya mfenesi Bibi hakusujudu tena. Aliutazama tu mti, akaniwekea mkono kichwani. "Sasa zile za jana zimepata pa kukaa," alisema. Nadhani alikuwa anasema juu ya shukurani zake.

Siku hiyo hatukufika. Baada ya Dunga mikarafuu ilikwisha, nchi ikawa ya uwanda, mawe na vichaka vifupi visivyo kivuli, na tulilala Jendele kwenye nyumba ya watu wema. Chwaka tulifika asubuhi ya siku ya tatu, maulidi yamesomwa jana, pilau imeliwa, mikeka imeshakunjwa. Wanawake walitoka kutupokea wakiwa na lawama zao tayari. Bi Pili, aliyekuwa mkubwa wa Bibi na mkali zaidi yake, alimdaka hapo hapo mlangoni: "Kazija! Umetutia aibu. Watu wamekuja hata kutoka Uroa, wewe haupo. Dereva anasema kakuona unarudi mjini. Ulikuwa na wazimu gani?"

Nilijikunja nyuma ya buibui lake. Nilikuwa nangoja atoboe. Ilikuwa haki yake atoboe. Bibi akatua pakacha polepole, akanivuta mbele, akanisimamisha uani watu wote wanione nilivyosimama.

"Mungu nilimuahidi maili ishirini," alisema. "Huyu kampa zaidi."

Basi. Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine. Alikufa miaka mingi baadaye bila ya kumwambia mtu, hata mama yangu, na kwa muda wote huo sifa ya Mize aliyezidisha nadhiri ilisemwa katika ukoo kama kwamba ni haki yangu. Waliomjua walimsifu kwa mapishi yake na kwa ulimi wake. Mimi namsifu kwa kipande kile cha barabara alichokirudi bila ya kulazimishwa na mtu yeyote, mbele ya basi zima, kwa ajili ya hatua ambazo hakuna aliyekuwa anazihesabu.

Sasa bibi ni mimi. Magoti yamezeeka, mafuta najikanda mwenyewe. Mjukuu wangu Zuwena, anayekaa nami, ana saa mkononi inayohesabu hatua, na jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kochi, macho kwenye televisheni, anautingisha mkono juu chini, juu chini. Nikamwuliza ana nini. "Nimepungukiwa hatua mia tano, Bibi." Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikamhadithia haya yote, ambayo sikuwahi kumhadithia mtu. Aliitazama saa yake. "Kumbe hii ingehesabu hata ulipokuwa juu ya nazi," alisema. Sisemi vijana wa leo ni wavivu, nasi tulikuwa na uvivu wetu. Ila sisi mashine ya kutudanganyia tulikuwa hatuna, ilibidi tudanganye kwa mdomo, na mdomo huona haya.

Ijumaa iliyofuata akanipakia kwenye gari lake, tukaenda. Barabara imepanuliwa, gari zinapita kama mishale. Nyumba yenye kisima ina ukuta mrefu na geti la chuma, kichuguu hakipo, na pa mfenesi pana fundi wa matairi. Aliegesha karibu na nyumba hiyo, nikashuka na fimbo yangu, na tukatembea. Tulikwenda kwa mwendo wa kobe. Zuwena hakuniharakisha hata mara moja, na hilo nililiona. Tulipofika kwa fundi wa matairi Zuwena alinikumbatia, kisha nikamwona anageuka, anaitazama njia tuliyotoka, uso unambadilika. "Bibi," alisema, "gari tumeliacha kule." Nililazimika kukaa juu ya tairi kwa kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama mbele yetu. "Bibi shikamoo! Pandeni, niwapeleke. Bibi mzima atakwenda kwa miguu?" Zuwena alinitazama mimi, akaitazama saa yake, akaivua akaitia kwenye mkoba.

"Ahsante, kaka," alimwambia. "Tunakwenda kwa miguu."